Maisha ya Otenyo Nyamaterere wa Kitutu



Kwa muda sasa darasa letu limekuwa likisoma tarikhi ya jambo ambalo wataalamu wa zamani hizi wameliita utandawazi. Maana yake ni kule kuungana kwa nchi za ulimwengu kwa biashara, kwa safari, kwa khabari na kwa sheria, hata likitokea jambo upande mmoja, watu wa upande wa pili huliona katika bei ya chakula chao. Vitabu hivyo vina faida kubwa. Vyatueleza khabari za merikebu za moshi, na njia za reli, na nyaya za simu zilizolazwa chini ya bahari, na makampuni yaliyotawala biashara ya nchi nzima nzima. Walakin tuliona upungufu mmoja. Wenye merikebu wana majina, na wenye reli wana majina, na mawaziri wana majina. Ama wale walioamka asubuhi wakaikuta njia ya ulimwengu imepita katikati ya mashamba yao, wao huandikwa kwa hisabu tu: wamekufa mia kadha, wamenyang'anywa ng'ombe elfu kadha.

Kwa hiyo tumeonelea kuandika maisha ya mtu mmoja katika hao wa hisabu. Mtu huyo ni Otenyo Nyamaterere, mpiganaji wa Kitutu katika nchi ya Wakisii. Jina lake lajulikana na kila mtoto wa Kisii na Nyamira, na huku kwetu pwani ni wachache waliopata kulisikia. Huenda msomaji akatuuliza: sisi watu wa Mombasa, na Malindi, na Lamu, twahusikaje na mtu wa milimani aliyekufa zaidi ya miaka mia moja iliyopita? Jawabu lake limo katika maisha yenyewe, nasi twamwomba msomaji asubiri.

Nchi ya Wakisii ni nchi ya juu, ya mvua nyingi na udongo mwekundu wenye rutuba, upande wa mashariki ya Ziwa Nyanza. Wenyewe hujiita Abagusii. Magharibi wapakana na Wajaluo, mashariki na Wakipsigis, na kusini na Wamasai na Wakuria. Katika zama alizozaliwa Otenyo hawakuwa na mfalme mmoja. Walikuwa kabila moja lenye mbari kubwa kubwa, nazo ni Kitutu, Nyaribari, Majoge, Bassi, Wanjare, na Mugirango za kaskazini na kusini. Kitutu ndiyo mbari ya Otenyo, na leo nchi yake imegawanyika: sehemu moja, Kitutu Chache, imo katika Kaunti ya Kisii, na ya pili, Kitutu Masaba, imo katika Kaunti ya Nyamira.

Kijana wa Kikisii wa siku zile alilelewa kwa mambo mawili, jembe na ng'ombe. Wanawake na wazee walilima wimbi na mtama, na vijana wakikusanyika katika maboma ya ng'ombe yaitwayo ebisarate, wakilala humo na mikuki yao ili kulinda mifugo usiku. Ng'ombe hakuwa kitoweo wala fedha tu. Kwa ng'ombe mtu alioa, na kwa ng'ombe alilipa dia, na kwa ng'ombe alihesabiwa kuwa mtu mbele ya watu. Kumnyang'anya kijana ng'ombe wa babake ilikuwa ni kumnyang'anya mke wake ambaye bado hajamwoa, na watoto wake ambao bado hawajazaliwa. Neno hili msomaji alishike, kwani bila ya kulifahamu hatafahamu kitendo cha Otenyo.

Wala isidhaniwe kuwa Wakisii walikuwa wamefungiwa nje ya ulimwengu. Walibadilishana nafaka na majembe ya chuma kwa mifugo na vyungu vya Wajaluo. Mgomba, ambao leo ndio sifa ya Kisii katika kila soko la Kenya, asili yake ni nchi za mashariki ya Bara Hindi, nao ulivuka bahari kwa majahazi ya zamani mno, ukapanda bara mkono kwa mkono, jirani akimpa jirani chipukizi. Mahindi kadhalika yalitoka Amerika, yakaletwa na Wareno. Huo pia ulikuwa utandawazi, ila ulikwenda kwa mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, na aliyeutaka aliupokea, na asiyeutaka aliuacha. Hata mabaya yalifika kabla ya Mzungu kufika: maradhi makubwa ya ng'ombe yaliyoenea Afrika ya Mashariki katika miaka ya 1890, na funza wa miguuni, ambaye alivuka bahari kutoka Amerika hadi pwani ya magharibi ya Afrika, kisha akalikata bara zima hata akafika kwetu.

Katika wakati wa ujana wa Otenyo alikuwako Kitutu mtu mmoja aitwaye Sakawa, ambaye Wakisii humtaja kuwa ni mtabiri wao mkubwa. Wasimulia kuwa aliwaambia watu wake watakuja wageni weupe, na akawaonyesha mahali watakapojenga. Sisi twajua kuwa elimu ya ghaibu ni ya Mwenyezi Mungu peke yake, wala hatusimulii hayo ila kwa kuwa yatuonyesha jambo moja la kweli: kabla Mzungu hajakanyaga Kitutu, khabari zake zilikuwa zimekwisha fika, na khofu yake ilikuwa imekwisha keti barazani pamoja na wazee.

Sasa na tuirudie pwani yetu, kwani njia iliyofika kwa Otenyo ilianzia hapa. Tarehe 1 Julai 1895 Uingereza ilitangaza himaya yake juu ya nchi hizi. Katika mwaka huo huo Sheikh Mbaruk bin Rashid Mazrui alipigana na Serikali hiyo mpya, na hata askari kutoka Bara Hindi wakaletwa kuja kumshinda. Mwaka 1896 akavuka mpaka akaingia nchi iliyotawaliwa na Wajarumani. Mwaka huo huo wa 1896 ndipo reli ilipoanza kujengwa Mombasa. Wafanya kazi zaidi ya 30,000 waliletwa kutoka Bara Hindi, na wapatao 2,500 kati yao walikufa katika kazi ile. Mwezi Disemba 1901 reli ikafika Ziwani, mahali paitwapo leo Kisumu. Mzigo uliokuwa ukichukuliwa na wapagazi kwa miezi sasa ukawa wafika kwa siku chache. Na katika mwezi Aprili 1902 nchi ya Wakisii, pamoja na nchi nyingine za upande ule, ilitolewa katika himaya ya Uganda ikatiwa katika himaya ya Afrika ya Mashariki. Hapana Mkisii aliyeulizwa. Otenyo alilala katika boma lake usiku mmoja akiwa wa himaya moja, akaamka ni wa himaya nyingine, naye hajui la kwanza wala la pili.

Serikali ilipoingia milimani iliingia kwa bunduki. Mwezi Septemba 1905 ilipeleka jeshi la askari wa miguu na polisi kuwaadhibu Wakisii. Watu wa Kitutu wakawashambulia kwa mikuki, na askari wakajipanga mraba, na ndani ya mraba imo bunduki ya Maxim, ile ipigayo risasi mfululizo. Afisa mmoja wa polisi aliyekuwako aliandika baadaye kuwa bunduki ile ilipigwa hata ikakaribia kuwa nyekundu kwa moto. Waliuawa watu wengi, na ng'ombe wapatao 3,000 wakachukuliwa. Yafaa msomaji akumbuke kuwa mwaka huo wa 1905 ulikuwa mwaka mzito kwa nchi zetu zote. Mwezi Julai vita vya Maji Maji vilianza kusini mwa Tanganyika, na mwezi Oktoba Koitalel, kiongozi wa Wanandi, aliuawa alipokuja kuzungumza na Waingereza. Watu hawa watatu mbali mbali hawakujuana, wala hawakupelekeana barua; walakin jambo lililowafikia lilikuwa moja.

Baada ya hayo, mwaka 1907, Serikali iliweka kituo chake katika nchi ya Wakisii, mahali paitwapo Getembe. Wakisii wakapaita pia Bosongo, maana yake mahali pa Wazungu. Huo ndio mji wa Kisii wa leo. Afisa aliyeshika kazi pale alikuwa kijana wa miaka 26, jina lake Geoffry Northcote. Wakisii hawakuweza kulitamka jina hilo, wakamwita Nyarigoti.

Hapana budi tumweleze kidogo mtu huyu, kwani maisha ya Otenyo yamefungwa na yake kama kamba mbili. Northcote alizaliwa mwaka 1881, akasoma Oxford. Babu yake, Stafford Northcote, alikuwa waziri wa fedha wa Uingereza tangu 1874 hata 1880, na kabla ya hapo aliliongoza lile kampuni kubwa la ngozi la Hudson's Bay, lililokuwa likimiliki sehemu kubwa ya nchi iitwayo leo Kanada. Huyu basi ni kijana aliyezaliwa katika nyumba ambamo kutawala nchi za mbali kulikuwa ni kazi ya jamaa, kama vile kwetu kuna nyumba za mabaharia na nyumba za mafundi. Na Otenyo alizaliwa katika nyumba ambamo kazi ya jamaa ni kulinda ng'ombe. Watu wawili hawa walikutana katika njia moja.

Kazi ya Northcote ilikuwa ni kuwafanya Wakisii watambue kuwa wanatawaliwa, na alama ya kutawaliwa ni kodi ya nyumba. Kodi ilitakiwa kwa rupia, fedha ya Bara Hindi yenye sura ya mfalme wa Uingereza. Mkisii hakuwa na rupia. Ili aipate ilimlazimu auze ng'ombe au auze nguvu za mikono yake kwa mgeni. Hivi ndivyo watu wengi wa bara walivyotiwa katika soko la ulimwengu: mlango ulifunguliwa kutoka nje, kisha mwenye nyumba akadaiwa gharama ya ufunguo.

Katika Kitutu alikuwako mwanamke mmoja, Moraa, mjuzi wa dawa na mwenye kusikizwa, naye masimulizi yasema alikuwa jamaa yake Otenyo. Moraa aliwachukia wageni tangu mwanzo. Wazee wasimulia kuwa alipita akiwalaumu vijana, akiwaambia kuwa kama wanaume wamechoka kubeba mikuki basi wawape wanawake, na wao wabaki nyumbani. Akawapa dawa za kuwalinda na risasi. Sisi hatuamini dawa hizo, na risasi nazo hazikuziamini. Lakini maneno ya Moraa yalikuwa na nguvu kuliko dawa zake, kwani yalikuwa ni maneno ya mtu aliyekwisha kuona ng'ombe 3,000 wakishuka mlima wasirudi.

Mwezi Januari 1908 Northcote alikuwa njiani katika nchi ya Kitutu. Otenyo alimvizia, akampiga mkuki. Northcote alijeruhiwa vibaya, lakini hakufa; watu wake walimchukua hadi kituoni. Khabari ikaenea milimani kuwa Nyarigoti ameuawa, na wapiganaji wakatoka wakidhani ya kuwa utawala umekwisha kwa kuwa mtawala amekwisha. Hilo ndilo lililokuwa kosa la kukadiria, wala si la Otenyo peke yake. Katika desturi za vita alizozijua, mkubwa akianguka jeshi hurudi kwao. Hakujua kuwa nyuma ya Nyarigoti kuna reli, na nyuma ya reli kuna bandari, na nyuma ya bandari kuna nyaya za simu zifikazo London kwa muda mfupi, na kuwa mtu yule alikuwa kama gamba moja la samaki: likitoka, samaki bado yumo majini.

Adhabu ilikuwa kubwa kupita ile ya 1905. Jeshi lilipanda milimani, likachoma nyumba na maghala ya nafaka, likachukua ng'ombe wapatao 7,000 pamoja na mbuzi na kondoo kwa maelfu. Waliouawa walipita mia mbili. Askari wa Serikali hawakupata khasara kubwa, jambo ambalo latosha kuonyesha kuwa ile haikuwa vita. Winston Churchill, aliyekuwa wakati huo naibu wa waziri wa makoloni, alikuwa amepita Mombasa na Kisumu miezi michache tu kabla, mwishoni mwa 1907. Alipoletewa hisabu za waliouawa huko Kisii, hata yeye aliona haya. Akaandika akiuliza ni lazima gani ya kuua watu wasio na kinga kwa wingi namna ile, na akaonya kuwa Bunge likizipata khabari hizo mipango yao yote ya nchi hii itaingia doa. Tazama, ndugu msomaji: waya ule ule uliopeleka khabari ndio uliorudisha kemeo. Lakini kemeo lilifika wakati nyumba zimekwisha kuwa majivu.

Otenyo alijificha, akatafutwa, akakamatwa, akauawa. Wazee wa Kitutu wasimulia kuwa kichwa chake kilikatwa kikapelekwa Uingereza, ili kiwe ushahidi. Mara nyingi jamaa zake na wazee wa Kisii wamedai kirudishwe kizikwe pamoja na mwili. Ikiwa masimulizi hayo ni kweli, basi Otenyo, ambaye katika uhai wake hakupata kuiona bahari, alisafiri baada ya kufa kwa reli ile ile na kwa bandari hii yetu ya Mombasa, asindikizwe na watu asiowajua, na asiwepo wa kumtilia mchanga.

Mwenzake, yule Nyarigoti, aliishi. Aliendelea na kazi Kenya hata 1927, kisha akahamishiwa Rhodesia ya Kaskazini, ambayo leo ni Zambia; kisha Gold Coast, ambayo leo ni Ghana; mwaka 1935 akawa gavana wa Guiana ya Kiingereza huko Amerika ya Kusini, na mwaka 1937 akawa gavana wa Hong Kong, mlangoni mwa China. Huko Hong Kong alitokewa na jambo ambalo sisi tulipolisoma tulinyamaza kwa muda. Vita vilipoanza Ulaya, gavana huyu alitaka kuleta kodi ya mapato, ambayo haikuwako Hong Kong. Matajiri na wafanya biashara wakaipinga vikali, Wazungu kwa Wachina. Wakaandika, wakakutana, wakaunda kamati. Na Serikali ikawasikiza, ikailegeza kodi, na sheria iliyotoka mwaka 1940 ikawa nyepesi kuliko ile iliyotakwa. Hapana aliyepigwa risasi, wala hapana nyumba iliyochomwa. Mtu yule yule, na jambo lile lile la kodi. Watu wa Kitutu nao walikuwa na hoja zao, walakin hawakuwa na kamati inayosikizwa, wala gazeti, wala wakili, wala lugha ya kuandikia barua. Walikuwa na mkuki.

Northcote aliondoka Hong Kong mwaka 1941 kwa sababu ya afya yake, na miezi michache baadaye, tarehe 25 Disemba 1941, mji ule ukaangukia mikononi mwa Wajapani. Yeye akafa Uingereza mwaka 1948. Chuo cha walimu cha Hong Kong kilipewa jina lake.

Na Wakisii je? Mwezi Septemba 1914 vita vya Wazungu viliwafikia milangoni, pale jeshi la Wajarumani lilipovuka mpaka likaingia mji wa Kisii, likapigana na Waingereza, kisha likarudi. Wakisii walipoona kituo ni kitupu, wakadhani tena kuwa utawala umekwisha. Wakateka maduka na misheni ya Nyabururu, na wakaadhibiwa tena. Halafu vijana wao wakachukuliwa kuwa wapagazi wa vita. Mtu wa Mombasa apitaye Mwembe Tayari na kuziona zile sanamu za askari na akumbuke kuwa waliokufa kwa njaa na maradhi chini ya mizigo ya vita vile walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi, na kuwa wana wa Kisii walikuwamo.

Baada ya hapo soko liliingia milimani kwa mlango mwingine. Katika miaka ya 1930 Serikali, ambayo ilikuwa imewazuilia Waafrika kupanda kahawa, iliruhusu ipandwe kidogo kidogo katika sehemu chache, na Kisii ikawa miongoni mwa za mwanzo. Kisha pareto, ile maua ya kuulia wadudu, ambayo Kisii na Nyamira zililima kwa wingi hata soko lake likaanguka baada ya viwanda vya ng'ambo kutengeneza dawa za namna hiyo bila ya maua. Kisha chai, ambayo wakulima wadogo walianza kuipanda mwishoni mwa miaka ya 1950. Leo viwanda vya chai vya Nyankoba, na Kebirigo, na Sanganyi katika Nyamira, na vya Kiamokama, na Nyamache, na Ogembo katika Kisii, hupokea majani kutoka mashamba ambayo mengine hayafiki hata eka moja.

Na chai hiyo yaenda wapi? Yaja kwetu. Tangu 1969 mnada wa chai wa Afrika ya Mashariki hufanyika hapa Mombasa, na wafanya kazi wa maghala ya Shimanzi na Changamwe wayajua majina hayo tuliyoyataja kwa kuyaona juu ya magunia. Bei husemwa Mombasa, lakini huamuliwa na haja ya watu wa Pakistan, na Misri, na Uingereza. Vita vilipozuka Sudan mwaka 2023, biashara ya chai na nchi hiyo ilitikisika, na mkulima wa Nyamira ambaye hajapata kumwona Msudani akahusika. Hili ndilo jawabu la swali tuliloliweka mwanzoni. Kikombe tunywacho baada ya Alfajiri kimetufunga na nchi ya Otenyo, na lile jiwe laini la Tabaka, lichongwalo na Wakisii likauzwa kwa watalii katika maduka yetu, latufunga nayo kadhalika.

Lakini tumefungwa nayo kwa kamba nyingine pia, na hii hatuipendi kuitaja. Reli ilipopanda bara haikupanda peke yake. Katika vikosi vya Serikali vya siku zile walikuwamo Wasudani, na walikuwamo Waswahili wa pwani. Wapagazi walikuwa wetu, wakalimani walikuwa wetu, na lugha ya amri ilikuwa hii hii tuandikayo. Wengi wao walikuwa Waislamu waliokwenda kutafuta riziki, wala hatuwahukumu, kwani wao nao walikuwa wametawaliwa. Ila hatuna haki ya kusimama kando tukasema kuwa yale yalikuwa baina ya Mzungu na mtu wa bara. Tena sisi tulikuwa na desturi mbaya ya kumdharau mtu wa bara na kumwita kwa jina ambalo halitupasi kulirudia, na dharau hiyo ilimfaa mtawala kuliko ilivyotufaa sisi. Mkuki wa Otenyo na bunduki za Mbaruk bin Rashid zilielekezwa kwa Serikali moja, katika muda usiozidi miaka kumi na mitatu. Tumewafundisha watoto wetu la pili, nalo ni jema; la kwanza hatukulifundisha.

Twajifunza nini basi? Kwanza, kuwa kuungana kwa ulimwengu si jambo la kulilaani lote, kwani mgomba na elimu na dawa ya maradhi vilikuja kwa njia hiyo, na sisi watu wa bandari riziki yetu tangu kale i katika hiyo. Jambo la kuuliza kila mara ni hili: nani ameulizwa kabla mlango haujafunguliwa, na nani ana njia ya kusema akidhulumiwa? Hong Kong waliulizwa, kwa kuwa walijua kuandika na walikuwa na mali. Kitutu hawakuulizwa. Ushujaa wa Otenyo hauna shaka, nasi twamheshimu, walakin ushujaa usio na khabari ya nguvu ya adui uliwagharimu watu wake roho zaidi ya mia mbili. Laiti shujaa yule angalikuwa na ndugu wa kumweleza nini kilichoko nyuma ya reli! Na waliokijua walikuwa ni sisi, watu wa pwani.

Pili, yatupasa tusome. Leo mikataba ya bandari, na ya uvuvi, na ya ardhi ya pwani huandikwa kwa maneno magumu, na wengi wetu huipata khabari yake baada ya kutiwa sahihi. Yule asomaye mapema hupata kusema neno lake kwa kalamu, na yule achelewaye hubaki na hasira yake tu. Na tuwasomeshe watoto wetu, wa kiume na wa kike, elimu ya dini yao pamoja na elimu ya ulimwengu, wapate kuisoma hati kabla ya kuwekwa dole gumba.

Na tatu, mkulima wa Kisii akiuza gunia lake katika mji wetu na apimiwe kwa mizani sawa. Mwenyezi Mungu ametuamrisha hayo kwa kila mtu, wala hakubagua wa bara na wa pwani.

Wabillahi tawfiq.